Fundi wa beringi wa Kizota: siku mbili na magurudumu ya mbele ya Coaster yangu

Ukitoka Dodoma mjini kuelekea Singida, ukiwa Kizota, kuna gereji isiyo na kibao. Alama yake ni kontena la bluu lililopauka chini ya mwarobaini. Ukifungua mlango wa kontena, upande wake wa ndani umejaa namba za magari na kilomita zilizoandikwa kwa chaki, nyingine zimefutika nusu. Nimekaa pale siku mbili mwezi Juni, na naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye gari zee analolitegemea, hasa gari lililogeuzwa nyumba kama langu.

Mimi nafuga nyuki. Mizinga yangu mingi iko pori la Itigi, michache iko Kondoa. Gari langu ni Toyota Coaster ya mwaka 1996, injini 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Niliinunua mwaka 2015 ikiwa imechoka kubeba abiria. Nikang'oa viti, nikaweka kitanda cha futi nne, jiko la gesi la plati mbili, tangi la maji la lita 200 upande wa kushoto, na paneli mbili za sola juu ya paa. Msimu wa kurina ukifika nalala humo wiki tatu, wakati mwingine nne. Watoto wangu wameikuta nyumba ya matofali Nkuhungu, lakini nyumba ninayoijua kila msumari wake ni hii ya magurudumu.

Sasa gari la namna hii lina shida ambayo daladala haina. Daladala inajaa na kushusha, inajaa na kushusha. Nyumba haishushi kitu. Kitanda kipo, maji yapo, mtungi wa gesi upo, vyombo vipo, na kurudi kutoka porini unaongeza asali. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi, si 20 kama ya maji, na siku ile nilikuwa na ndoo 26. Halafu gari hilohilo linalofanya kazi kama lori mwezi mmoja, linakaa uani bila kusogea miezi miwili. Hayo mawili, kuelemewa na kusimama muda mrefu, ndiyo yanayoua beringi za mbele, na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo mpaka nilipofika kwa huyu fundi.

Ilianza kama mlio. Natoka Itigi, nimeshapita Manyoni, niko juu kabla ya kushuka Saranda. Kwenye kilomita 60 kwa saa nikasikia kitu kinasaga, kama mtu anasaga uwele kwenye jiwe, chini ya miguu yangu. Nikipunguza mwendo kinapungua. Nikazima redio. Nilipolikwepa shimo kwa kukata kulia, ule msago ukapanda. Nilipokata kushoto ukakaribia kunyamaza. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia upande wa kushoto, kwa hiyo nikajua gurudumu linalolia ni la mbele kushoto. Hilo nililijua kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa dereva wa malori na alikuwa na tabia ya kunieleza kila kinacholia.

Nikashuka ule mteremko kwa gia ya pili, nikapita Kintinku polepole, nikasimama Bahi pale wanapouza mchele. Sikutaka kupima mara baada ya mteremko kwa sababu breki nazo zinachemsha magurudumu, ungesingizia beringi bure. Baada ya kwenda kwenye tambarare bila kukanyaga breki sana, nikatoa kile kipimajoto cha kuelekezea, vile vilivyozagaa wakati wa Korona, ila changu ni cha kupimia vyuma vyenye joto kubwa. Katikati ya gurudumu la kulia: nyuzi 47. La kushoto: 91. Kama huna kipimo, sogeza kiganja karibu kwanza, usishike. Kinachokupa habari ni tofauti kati ya pande mbili, kuliko joto lenyewe.

Jua lilikuwa linazama. Namba ya fundi huyu nilipewa zamani na dereva mmoja anayebeba alizeti za Singida, nilikuwa sijawahi kuipiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Mbukwa."

"Mbukwa. Niko Bahi, beringi ya mbele kushoto inachemka."

"Umeipandisha jeki ukaitikisa?"

Tulikuwa tumeshaipandisha, mimi na kijana wangu wa kazi. Tulishika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, tukasukuma na kuvuta kuona kama lina pleyi, yaani kama limelegea na linacheza. "Nimeitikisa mzee, haina pleyi."

"Haina hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hapo ndipo penye tatizo. Hiyo imenyongwa, imekazwa kupita kiasi. Fungua kofia uniambie unaona nini."

Nikachokonoa ile kofia ndogo ya bati katikati ya habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa bisibisi. Ndani, kwenye tundu la nati, mahali panapotakiwa kukaa pini ya kugawanyika, ile inayozuia nati isijifungue, palikuwa na msumari. Msumari wa inchi mbili wa kupigia bati, umekunjwa, kichwa kimekatwa. Nimeutunza mpaka leo kwenye droo ya vijiko.

Yule mzee aliniambia nisimwagie maji hata tone moja, niache ipoe yenyewe, nilale hapohapo. Habu ya moto ikipata maji ya baridi, hewa iliyo ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia sili, ule mpira wa kuyazuia. Nikalala Bahi ndani ya gari langu, nimepika wali na mlenda. Asubuhi akanielekeza kwa simu kulegeza nati tundu moja tu, nirudishe pini mpya (nilikuwa nayo moja kwenye kopo la spea), niende kwa mwendo wa kilomita 40 na nisimame kila baada ya kilomita 15 nipime. Nilifika Kizota saa tano, kipimo hakikuvuka 68.

Kabla ya kusifia niseme ule msumari ulitoka wapi. Mwezi Februari nilipeleka gari kwenye gereji moja kubwa hapa mjini, yenye vigae, sofa na televisheni. Niliomba "sevisi ya beringi za mbele". Dakika 40 magurudumu yote mawili yakawa yamefungwa, nikalipa shilingi 160,000 za ufundi peke yake. Niliona fahari kwamba wamefanya haraka. Mwezi Machi nikavuka korongo la mto Bubu upande wa Kondoa, maji yamefika katikati ya tairi, baada ya mwendo wa saa mbili na habu zikiwa za moto. Nikarudi nyumbani, nikaegesha gari kwa wiki saba. Yote haya fundi wa Kizota aliyasoma kwenye chuma kabla sijamweleza.

Alianza kwa kitu ambacho sijaona fundi mwingine akikifanya. Alipandisha mbele yote, akaweka stendi za chuma chini ya ekseli, akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha akaniambia nipande nikae kwenye usukani. Yeye akashika gurudumu la kulia, ambalo lilikuwa na pleyi ndogo, akalitikisa. "Mama, kanyaga breki." Nikakanyaga. Akatikisa tena, pleyi ikapotea. "Achia." Ikarudi. Akasema breki ikikamata, habu na stabu, ule mhimili ambao habu inauzunguka, vinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo pleyi inayopotea ni ya beringi. Ingebaki, tungekuwa tunazungumzia viungo vya mguu wa mbele na usukani, na mtu angeniuzia beringi nisizozihitaji. Dakika tatu, bila kifaa chochote. Nilijisikia vibaya nikikumbuka pesa nilizotoa miaka ya nyuma kwa kubahatisha.

Akafungua kushoto. Habu ya mbele ya gari kama hili ina beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje, zote za rola zilizochongoka kama vipande vya karoti. Kila moja inakaa kwenye kikombe chake cha chuma kilichogongwa ndani ya habu. Nyuma ya ile kubwa kuna sili ya mpira ya kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie. Alipovuta habu nikaona grisi za rangi mbili. Nyekundu iko nje, mpya, imepakwa juujuu kama siagi kwenye mkate. Ya kahawia iko ndani, ya zamani. Zilipokutana zilikuwa zimegeuka uji wa rangi ya chai ya maziwa. Akauchukua kwa kidole, akausugua, akanionyesha matone ya maji. "Huku kuna mambo mawili. Kuna maji, na kuna grisi mbili zisizopatana. Grisi nyingine zikichanganywa zinalainika zinatiririka, chuma kinabaki kikavu."

Hakuwa amebadilisha sili, yule wa Februari. Ilikuwa ileile, mdomo wa mpira umekauka na kupasuka sehemu moja. Maji ya Bubu yalipita hapo.

Kijana wake akaosha beringi kwenye beseni la mafuta ya taa kwa brashi, akazikausha kwa kitambaa. Walikuwa na kompresa, nikauliza kwa nini wasipulize. Mzee akasema wanaweza kupuliza kukausha ikiwa umeishika isizunguke, lakini vijana wengi wanapenda kuizungusha kwa upepo ilie kama king'ora, na beringi kavu inayozungushwa hivyo inaweza kurusha rola usoni. Hataki kuona mchezo huo kwake.

Kisha akaniita juani. Hapa ndipo aliponishika moyo huyu mzee. Alishika habu, kikombe cha nje kikiwa bado ndani yake, akaigeuzageuza mpaka mwanga ukalala vizuri ndani ya kikombe. Njia ya rola inatakiwa kuwa kijivu, laini, ya kung'aa kwa upole. Kwangu kulikuwa na mistari myeusi, myembamba, imeachana kwa umbali ulio sawa. Akaweka ile beringi ndani ya kikombe bila kuizungusha, kila rola ikakaa juu ya mstari wake. Nikaelewa kabla hajasema. Zile wiki saba za kuegesha, na maji ndani, rola zilikaa mahali pamoja na kutu ikachora pale zilipogusa. Halafu mwezi Juni nikapakia asali na kuondoka. Sehemu moja, kwenye mstari mmojawapo, ngozi ya chuma ilikuwa imebanduka, kipande kama punje ya mtama. Akachukua kucha yangu, kabisa, akashika kidole changu cha shahada, akakipitisha taratibu. Kucha ikakwama. "Kucha ikikwama, haina maisha." Upande mmoja wa rola ulikuwa umeingia rangi ya samawati, alama ya moto. Chuma kilichopata rangi hiyo kimeshapoteza ugumu wake.

Nilimwambia abadilishe pande zote mbili, nimalizane nayo. Akakataa. Alifungua kulia, akaosha, akaniletea juani vilevile. Kijivu, laini, kucha inateleza. "Hizi ni za kwanza kabisa za gari hili, chuma kizuri. Ukinilazimisha nitazitoa, lakini nitakuwa nimekuibia." Akazirudisha kila moja kwenye kikombe chake. Za kushoto na za kulia ziliwekwa kwenye sahani tofauti tangu mwanzo, kwa sababu rola na kikombe chake vimeshazoeana, ukivichanganya unaanza uchakavu upya. Nimekaa na mafundi miaka 30. Wa kukataa kuniuzia kitu nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Beringi mpya anataka ununue mwenyewe. Yeye hauzi spea, anakupa namba tu kwenye karatasi, na hapo ndipo siku ya kwanza ilipoishia. Duka la kwanza mjini walinipa seti kwa shilingi 70,000, boksi lina jina la Kijapani linalojulikana. Nikairudisha Kizota kwa furaha. Mzee akalinganisha namba ya boksi na namba iliyochongwa kwenye beringi, tarakimu moja ya mwisho haikufanana. Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua maandishi ya kwenye chuma, yakafutika. Maandishi ya kweli yamechongwa, hayafutiki. Duka wakakataa kunirudishia pesa, wakanipa filta za mafuta badala yake. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia na nimeshaandaa picha za kuwapelekea, kwa sababu beringi bandia ya mbele si sawa na taulo bandia. Gurudumu linaweza kuchomoka ukiwa kwenye mwendo. Seti halisi niliipata kesho yake duka la pili kwa shilingi 165,000.

Siku ya pili nikashuhudia kazi yenyewe. Vikombe vya zamani alivitoa kwa kugonga na kipande cha shaba, huku na huku kidogokidogo, asikwaruze habu. Vipya akavigonga hivyohivyo mpaka sauti ya nyundo ikabadilika, ikawa nzito. Hapo kikombe kimekaa chini. Kikombe kipya na rola mpya, hakuna kuokoa kikombe cha zamani ati bado kizuri.

Kupaka grisi alifanyia ndani ya kontena, mlango umerudishwa, kwa sababu upepo wa Dodoma mwezi Juni unabeba mchanga mpaka kwenye kikombe cha chai. Alinawa mikono kwa sabuni kwanza. Akaweka bonge la grisi kwenye kiganja cha kushoto, akashika beringi kwa mkono wa kulia upande wake mpana ukiangalia chini, akawa anaigonga na kuiburuta pembeni mwa lile bonge, anaigonga na kuiburuta, mpaka grisi ikachomoza upande wa pili kati ya rola kama minyoo midogo. Akaisogeza kidogo, akarudia, mpaka akazunguka yote. Beringi moja dakika nane. Grisi ni ya lithiamu ya kuvumilia joto, aina moja pande zote mbili, na ya zamani yote ilikuwa imekombwa na kufutwa mpaka chuma kikaonekana. Nilitegemea ataijaza habu nzima. Akaacha uwazi katikati. Grisi ikijazwa pomoni haina pa kwenda ikipata moto, inasukuma sili na kuingia kwenye breki.

Kukaza nati ndiko kulikoniumiza Februari, kwa hiyo nilisimama karibu kabisa. Kijana anazungusha habu, mzee anakaza, ili rola zikae sawa. Akalegeza yote. Akakaza tena kwa vidole. Halafu akatoa mzani wa ndoano, ule wa kuning'iniza, mimi ninao kama huo wa kupimia asali. Akafunga ndoano kwenye mojawapo ya nondo za kufungia tairi, akavuta taratibu mpaka habu ikaanza kuzunguka, akasoma. Ukutani ana ukurasa wa kitabu cha Toyota uliotolewa nakala, umepigwa plastiki, una kiwango. Alikaza kidogo sana, akavuta tena, akasoma tena. Mara nne. Wale wa Februari walikaza kwa spana ndefu na nguvu za mikono, wakanyonga, wakapigilia msumari.

Pini mpya, sili mpya, pande zote mbili hata kulia ambako beringi ni za zamani. Hilo halina mjadala kwake.

Hesabu: ufundi 45,000 kila gurudumu, jumla 90,000. Beringi za kushoto 165,000. Sili mbili 24,000, kopo la grisi 18,000, pini 2,000. Shilingi 299,000, tofauti na zile 70,000 zilizogeuka filta. Kwa kazi niliyoiona, siioni kuwa ghali hata kidogo.

Yapo ambayo sikuyapenda, na nimemwambia mwenyewe. Hakuna pa kukaa, utakaa kwenye tairi au kwenye gari lako. Choo ni cha jirani, unaomba. Simu yake Jumapili haipokelewi. Kijana anaosha spea mikono mitupu, ngozi imepauka na kupasuka kwenye vidole, nikamnunulia glavu lakini sina hakika atazivaa. Na jambo la hatari zaidi: mama wa chai anaweka jiko lake la mkaa hatua chache kutoka kwenye beseni la mafuta ya taa. Siku ya pili niliomba lihamishwe, likahamishwa mpaka ng'ambo ya mwarobaini. Ukienda ukilikuta limerudi, tafadhali sema.

Ukiwa na haraka usiende. Ana gari moja au mawili kwa siku na hachanganyi. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, nenda na grisi yako kama unaiamini, na usinunue beringi kabla hajafungua.

Aliponiona napakia ndoo zangu upya akaja kuangalia. Nilikuwa nazipanga kushoto, kwa sababu kulia kuna kitanda. Tangi la maji kushoto, kilo 200. Jiko na mtungi kushoto. Ndoo 26 za asali, zaidi ya kilo 700, na nyingi ziko mbele kushoto. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama Asali, beringi ya kulia ina miaka mingi na iko hai. Ya kushoto ndiyo iliyobeba nyumba." Tukazihamishia ndoo chini ya kitanda na katikati, mbele ya ekseli ya nyuma, mimi na yeye na vijana wawili. Tangi nitalihamisha mwaka huu.

Aliniambia pia nisihesabu kilomita peke yake. Kwa gari linalotembea kila siku anasema kilomita 40,000, au wakati wowote breki zikifunguliwa. Kwangu, ambaye sifikishi hata nusu ya hizo kwa mwaka, ni kila mwaka kabla ya mvua, na tena bila kuchelewa nikivuka maji yaliyofunika habu. Na gari likiegeshwa, nilisogeze kila wiki mbili, hata mita 20 tu uani, rola zibadilishe mahali.

Wiki iliyofuata nilirudi Itigi. Nilisimama Bahi kwenye sehemu ileile nikapima: kulia 44, kushoto 46. Nikaipandisha jeki Manyoni nikaitikisa, nikakagua na nati za tairi. Wakati wa kurudi nikapita Kizota kumwonyesha namba nilizoandika kwenye daftari. Alizisoma zote, akaingia ndani ya kontena, akatafuta nafasi kwenye mlango. Akaandika kwa chaki namba ya gari langu, kilomita 412,306, na mbele yake neno moja, Novemba.